Vilele 54 na Baridi ya Usiku

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na ski, wakafika kileleni, na wakati wa kushuka wakateleza juu ya theluji ya Kilimanjaro. Walter alikuwa mdogo wake Wilhelm Furtwängler, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kama kiongozi mkuu wa okestra. Mimi nimezaliwa Marangu, chini ya mlima huohuo, lakini habari hii nilikuja kuisoma nikiwa mtu mzima, hapa Leadville, jimbo la Colorado, ninakofanya kazi katika karakana ya kutengeneza ski. Ilinigusa sana. Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia historia ya watu wanaopanda mlima wenyewe, kusiko na lifti, ili washuke kwa ski.

Colorado wana kipimo chao katika jambo hili: vilele 54 vinavyozidi futi 14,000, yaani mita 4,267. Kwa mtu wa kwetu kimo hicho si cha kutisha. Kilicho kirefu kuliko vyote, Mount Elbert, kina mita 4,401, na Mlima Meru unakipita. Ugumu uko katika kuvimaliza vyote. Carl Blaurock na William Ervin ndio wa kwanza kupanda orodha yote kama ilivyojulikana wakati wao, wakaikamilisha mwaka 1923, ila wao walikwenda kwa miguu. Kwa ski ni shughuli nyingine, kwa sababu lazima theluji iwepo, iwe nyingi ya kutosha hadi juu, na iwe imetulia.

Anayepanda hubandika chini ya kila ski utepe wenye manyoya yanayolala upande mmoja. Ski inasonga mbele vizuri, lakini ikitaka kurudi nyuma manyoya yanasimama na kuizuia. Zamani ilikuwa ngozi ya sili. Tunazouza leo ni za nailoni au manyoya ya mbuzi. Kisigino cha kiatu huachwa huru wakati wa kupanda, kikafungwa wakati wa kushuka. Basi. Mengine yote ni pumzi, na kuijua theluji.

Na aliyeijua mapema katika milima hii alikuwa mhubiri. John Dyer, Mmethodisti, alifika kwenye migodi ya dhahabu mwaka 1861 akiwa na karibu miaka 50, na kwa kuwa kuhubiri hakukumlisha, alichukua kazi ya kubeba barua. Mara moja kwa wiki alivuka Mosquito Pass, mlango wa milima ulio mita zipatazo 4,000 juu ya usawa wa bahari, akiwa na mfuko wa posta mgongoni na mbao ndefu za mtindo wa Norwei miguuni. Mara nyingi alisafiri usiku. Mchana jua huilainisha theluji, mtu akazama hadi kiunoni. Usiku baridi huigandisha juu, ikawa ngumu ya kumbeba. Kila nikitazama mlango ule wa milima kutoka karakana yetu namfikiria, mzee peke yake gizani, akiwahi kabla jua halijatoka. Sura yake imewekwa katika vioo vya rangi vya jengo la bunge la jimbo, mjini Denver, na naona anastahili.

Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilijenga Camp Hale, karibu na hapa, kufundisha kikosi cha milimani, Divisheni ya 10, kilichopigana Italia mwaka 1945. Waliorudi walianzisha viwanja vya ski vyenye lifti, kikiwemo Vail kilichofunguliwa mwaka 1962, na kwa muda mrefu kupanda kwa miguu kulibaki kwa wachache.

Mmoja wa wachache hao ni Lou Dawson. Alianza kushuka vilele hivyo kwa ski miaka ya 1970, akamaliza cha 54 mwaka 1991, wa kwanza kuvimaliza vyote. Katikati, mwaka 1982, poromoko la theluji lilimchukua katika Highland Bowl, karibu na Aspen, likamvunja mapaja yote mawili.

Hapa inabidi nieleze theluji ya Colorado, kwani ndiyo inayoamua kalenda ya kila mtu. Mwanzoni mwa msimu huwa haba, na hewa ni baridi kali, huku ardhi chini yake ikiwa na joto kidogo. Mvuke hupanda kutoka chini na kuzigeuza chembe kuwa kubwa, kavu, zisizoshikana, mfano wa sukari. Theluji mpya ikilala juu ya sukari hiyo, uzito wa mtu mmoja unaweza kuuporomosha mteremko mzima. Nikiwa kwenye miteremko ya Mount Sherman nimewahi kusikia mlio ule mzito, theluji ikishuka kidogo chini ya ski zangu, na wenzangu wote wakanyamaza. Tuligeuka palepale. Majira ya kuchipua maji ya theluji inayoyeyuka hupenya hadi kwenye sukari ile, yakaganda usiku, na mlima ukakaza. Ndiyo maana watu huondoka saa nane za usiku ili wawe kileleni jua likianza kulainisha juu, na wawe wameshashuka kabla ya adhuhuri. Ni hesabu ileile ya Dyer.

Dawson hakuwa na tarehe ya mwisho. Mlima ukikataa, alirudi mwaka mwingine. Kisha aliandika vitabu viwili vya njia za vilele hivyo, na vikawafungulia wengine.

Chris Davenport wa Aspen alijiwekea mwaka mmoja. Alianza tarehe 22 Januari 2006, akamaliza tarehe 19 Januari 2007. Wengi humsifu kwa ujasiri wa kushuka Capitol Peak, wenye ukingo mwembamba kama makali ya kisu. Mimi namsifu zaidi kwa kupanga: kujua wiki gani theluji nzito ya majira ya kuchipua itanata kwenye kuta za milima ya San Juan, na wapi upepo utakuwa umeshaikwangua. Hata kibali kilikuwa sehemu ya hesabu, kwani Culebra Peak uko ndani ya shamba la mtu binafsi na kuupanda kunalipiwa.

Baada yake Christy Mahon, mwaka 2010, akawa mwanamke wa kwanza kuvimaliza. Mwaka 2017 Josh Jespersen, aliyekuwa komando wa jeshi la majini, alivishuka vyote kwa siku 138, ndani ya msimu mmoja.

Nawaheshimu wote, ila kwangu Dawson yuko mbele. Siku 138 zinawezekana kwa sababu njia zinajulikana, vifaa ni vyepesi, na taarifa ya hatari ya maporomoko hutolewa kila siku. Yeye aliingia kwenye kuta ambazo hakuna aliyewahi kumwambia zinashukika, na baada ya kuvunjika miguu yote miwili alichukua miaka tisa mingine kumaliza.