Mtakatifu Patrick: Mtumwa aliyekuja kuwa msimamizi wa Ireland

Kila ifikapo tarehe 17 Machi, wananchi wa Ireland huadhimisha Siku ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa nchi yao. Ofisi na shule hufungwa, ibada hufanyika makanisani, na gwaride hupita katika barabara za Dublin na miji mingine, huku watu wakiwa wamevaa nguo za kijani. Siku hiyo ni ya mapumziko pia katika Ireland ya Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza.

Hata hivyo, Patrick mwenyewe hakuzaliwa Ireland. Alizaliwa ng'ambo ya bahari, katika kisiwa cha Britania, na aliishi katika karne ya 5. Alipokuwa na umri wa karibu miaka 16, alitekwa na wavamizi, akavushwa bahari na kufanywa mtumwa. Kwa miaka sita alichunga mifugo, kisha akatoroka na kurejea kwa jamaa zake. Baadaye alirudi kwa hiari yake, safari hii akiwa askofu, kuwahubiria Ukristo watu wa nchi ile ile iliyomtumikisha.

Habari hizi zinatokana na maandishi yake mawili ya Kilatini yaliyosalia. Moja ni ungamo la maisha yake. La pili ni barua ya kumkemea mtawala aitwaye Coroticus, ambaye askari wake waliwaua baadhi ya Wakristo wapya na kuwateka wengine ili wauzwe. Patrick aliwatetea mateka hao akiwa mtu aliyeuonja utumwa.

Hadithi nyingine ziliongezwa baadaye. Inasimuliwa kwamba alitumia mmea wa shamroki, wenye majani matatu katika kikonyo kimoja, kueleza Utatu Mtakatifu. Na kwamba aliwafukuza nyoka wote baharini. Masimulizi hayo hayamo katika maandishi yake, na wanasayansi wanasema kisiwa hicho hakijawahi kuwa na nyoka tangu zama za barafu zilipokwisha.

Tarehe 17 Machi hutajwa na mapokeo kuwa siku aliyofariki. Kwa kuwa huangukia ndani ya Kwaresima, waumini waliruhusiwa siku hiyo kupumzika mfungo, wakala nyama na kunywa. Mwaka 2008, ilipoangukia Juma Kuu, Kanisa Katoliki nchini Ireland liliisogeza sikukuu hadi tarehe 15.

Sheria ya mwaka 1903 iliifanya kuwa siku ya mapumziko kwa umma. Kuanzia miaka ya 1920, baa zilitakiwa kufungwa siku hiyo, na amri hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wanaoijua sikukuu hii kwa ulevi tu huenda wakashangaa kusikia hayo.

Shamrashamra za barabarani nazo zilikuzwa zaidi ugenini. Gwaride la New York lilianza mwaka 1762. Kisha ikaja Njaa Kuu ya mwaka 1845 hadi 1852, baada ya ugonjwa kuangamiza viazi. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine kama hao wakahama. Huko Marekani, wahamiaji waliodharauliwa kwa umaskini na dini yao waliandamana siku hii ili waonekane na kuheshimiwa.

Jina la Patrick lilifika pia Afrika Mashariki. Shirika la wamisionari lililoanzishwa kwa jina lake huko Kiltegan, tarehe 17 Machi 1932, lilituma mapadri Kitui na Turkana nchini Kenya. Shule ya Mtakatifu Patrick ya Iten ndiko alikosoma Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mbio za mita 1500 mwaka 1988.

Nchini Ireland, heshima kwa mtakatifu huyo haiishii mwezi Machi. Jumapili ya mwisho ya Julai, maelfu ya mahujaji hupanda mlima Croagh Patrick, wenye urefu wa mita 764, ambako inaaminika kwamba alifunga kwa siku 40. Baadhi yao huupanda peku, juu ya mawe makali, wakisali.