Jua, Rangi Zetu na Bi Harusi Anayehamia Ughaibuni



Hapa visiwani, harusi ikikaribia, mwari hutiwa ndani, akasingwa, akapakwa liwa, asipigwe na jua. Siku chache hazina neno. Lakini baadhi yetu tukishaolewa huwafuata waume zetu Uingereza, na huko kukosa jua ni kwa miezi.

Turudi nyuma kidogo. Katika karne ya 19 miji ya viwanda ya Uingereza ilijaa moshi, na watoto wengi wakawa na matege. Mwaka 1890 daktari Theobald Palm, aliyewahi kufanya kazi Japani, alilinganisha nchi mbalimbali akasema chanzo ni uhaba wa jua. Mwaka 1919 mwanamke wa Kiingereza, Harriette Chick, akaenda Vienna, mji uliokuwa na njaa baada ya vita. Yeye na wenzake wakaonyesha kuwa watoto wenye matege hupona kwa mafuta ya ini la samaki, na pia kwa mwanga wa jua. Siri ya vyote viwili ni vitamini D.

Mwaka 1962 madaktari wa Glasgow wakaripoti matege na ulaini wa mifupa kwa Wapakistani waliohamia huko. Rangi ya ngozi ni kama mwavuli. Kwetu, nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, mwavuli huo ni rehema. Kule kaskazini jua la majira ya baridi ni dhaifu, na ngozi nyeusi huhitaji kukaa juani muda mrefu zaidi kuliko nyeupe.

Tusiilaumu stara. Watoto wa Vienna hawakuvaa baibui. Bibi zetu walijisitiri, lakini walikuwa na ua: humo walianika, walipepeta mchele na kusukana nywele, jua likiwapata bila ya macho ya watu. Ghorofa ya Ulaya haina ua.

Ndiyo maana Uingereza huwashauri wenye ngozi nyeusi, na wanaojifunika mwili wanapotoka, watumie mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, mwaka mzima. Ukiwa mjamzito au una maradhi, muulize daktari kwanza. Basi somo anapomfunda mwari wa safari, naye aliongeze hili, na kwenye sanduku, pembeni ya udi, vidonge navyo vipate nafasi.

Allah azibariki ndoa zetu na atupe afya. Amin.