Kuzuia, Kukwaza, Kutatiza: Kitenzi "Impede" Kivukoni Likoni

Mfasiri akikutana na kitenzi cha Kiingereza "impede", mkono huandika "zuia" kabla hajafikiri. Tafsiri hiyo ina nguvu kupita kiasi. Anayezuia hufunga njia. "Impede" huiacha wazi, ila apitaye hupita kwa taabu. Kivukoni Likoni, Mombasa, tofauti hii haimpotezi mtu. Maji ya bamvua yakipwa, sehemu ya kupandia feri huinama mno, malori yakapakiwa kwa tahadhari na foleni ikarefuka: usafiri umetatizika. Mlinzi akifunga lango la waendao kwa miguu kwa kuwa feri imejaa, hapo sasa wamezuiwa.

Mwenye kutukuza asili ya maneno atasema tumeliruka neno lililo karibu zaidi. "Impede" limetokana na "impedire" la Kilatini, ambalo ndani yake mna shina la mguu: kunasa miguu, kuitia katika kifungo. Kinyume chake, "expedire", ni kuinasua, na ndiko lilikotoka "expedite". Kiswahili nacho kina kitenzi cha mguu: kukwaa, kukwaza, kikwazo. Tena, kama mguu wa Kilatini ulivyosahaulika kiasi kwamba Shakespeare katika Macbeth, yapata 1606, alitumia "impede" kwa yanayomtenga mtu na taji, ndivyo Waswahili wasemavyo heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ulinganifu huu unavutia, lakini si hoja ya kutafsiria, maana maneno hayadumu yalikozaliwa. Kukwaza kumehamia moyoni. Katika makanisa ya Kisauni na Changamwe aliyekwazwa ni aliyeudhiwa, pengine hata imani yake ikayumba. Ndugu yake, kukwama, amekwenda upande mwingine: lori lililokwama matopeni haliendi polepole, haliendi kabisa.

Kinachobaki ni kutatiza. Tata ni la uzi uliojisokota, na kunasa huko ndiko kulikokuwa kiini cha "impedire". Mguu ulikuwa kilichonaswa tu. Itapingwa kwamba swali gumu nalo humtatiza mwanafunzi, hivyo neno lina utata wake lenyewe. Kweli, ila yambwa huamua: linapotatizwa jambo kama kazi, safari au biashara, hakuna anayefikiria fumbo. Pingamizi zito zaidi ni la wanasheria, kwamba "zuia" limezoeleka na halimsumbui mtu. Tangu Katiba ya Kenya ya 2010 ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, mazoea hayo yana gharama. Chukua dereva wa Changamwe anayeshtakiwa kwa kuegesha lori vibaya hata afisa akachelewa kufika kazini. Hati ikisema alimzuia, wakili wake ana jibu rahisi: afisa alifika. Ikisema aliitatiza kazi ya afisa, jibu hilo halimwokoi.