Mtoto njiti yuko wodini, maziwa ni matone tu: Mama afanye nini yasikate

Mwanza. Mtoto amezaliwa na wiki 30, hata kilo moja na nusu hajafika, na amelazwa wodi ya watoto njiti. Mama yuko wodi nyingine, kikombe mkononi. Amekamua dakika 20 na kilichotoka hakijajaza kijiko cha chai. Shangazi aliyekuja kumuuguza keshatoa hukumu: huyu hana maziwa, ikanunuliwe kopo.

Asikilizwe kwa heshima, lakini kopo lisubiri. Siku mbili tatu za mwanzo, matone ndiyo kiasi cha kawaida. Hiyo ni dang'a, maziwa mazito ya njano yenye kinga nyingi, na njiti mdogo huenda akaanza na mililita 1 au 2 tu kwa mlo. Muuguzi huyavuta kwa bomba la sindano na kumpa mtoto kupitia mpira wa kulishia. Maziwa ya kopo humwongezea njiti hatari ya ugonjwa wa utumbo kuvimba na hata kuoza, ambao unaua. Yakihitajika, daktari ndiye aseme.

Titi linafanya kazi kwa oda

Maziwa yakitoka, mwili unapata taarifa ya kutengeneza mengine. Yakibaki ndani, unapunguza. Ndiyo siri yote.

Shida ni kwamba njiti wengi hawawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio mpaka wafike kama wiki 34. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa mkono wa mama unafanya kazi ya mdomo wa mtoto. Aanze kukamua ndani ya saa 6 za mwanzo baada ya kujifungua, ikiwezekana saa ile ya kwanza, kisha mara 8 hadi 10 kila siku, usiku na mchana.

Wengi wanateleza usiku. Homoni inayotengeneza maziwa, prolaktini, hupanda zaidi muda huo. Mama akilala saa 4 usiku na kuamka saa 12 asubuhi, amepoteza zamu mbili. Alamu ya simu inasaidia. Na si lazima zamu zipishane sawasawa: akikosa ya mchana, akamue mara mbili karibu karibu jioni.

Lengo linalotumiwa na wataalamu wengi ni mililita 500 hadi 750 kwa siku ifikapo siku ya 14, yaani chupa ya maji ya nusu lita na zaidi kidogo. Mtoto anaweza kuwa anakula robo tu ya hapo, na mama akajiona anakamua bure. Hapana. Wiki hizo mbili ndizo zinazopanga kiwango cha miezi ijayo, na kupandisha baadaye ni kazi kweli kweli.

Si lazima pampu

Pampu nzuri ya umeme ni bei, na kwa dang'a mkono unafanya vizuri zaidi. Ile pampu ya bei rahisi yenye mpira kama honi ya baiskeli iachwe, haisafishiki vizuri.

Mama anawe mikono kwa sabuni, kikombe kichemshwe. Maji yaliyochotwa ziwani moja kwa moja hayafai kuoshea vyombo hivi kabla ya kuchemshwa. Akande titi kwa kitambaa cha uvuguvugu na kulipapasa taratibu. Kisha dole gumba juu, vidole vingine chini, sentimita 2 au 3 kutoka kwenye chuchu: sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Chuchu isivutwe. Maziwa yakipungua ahamie titi la pili, halafu arudi la kwanza. Yote yachukue dakika 20 hadi 30.

Kingine kinachoongeza maziwa ni kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ile huduma ya kangaroo. Utafiti wa nchi 5, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa 2021 ulionyesha kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kunapunguza vifo vya watoto hawa kwa asilimia 25. Mara nyingi maziwa hutoka vizuri zaidi mama akikamua baada ya kumbeba.

Uji wa ulezi na supu ya sato ni chakula kizuri kwa mzazi, anywe. Ila hakuna supu inayochukua nafasi ya kukamua. Dawa za kuongeza maziwa zisinunuliwe duka la dawa bila daktari.

Mama karuhusiwa, mtoto amebaki

Hapa ndipo maziwa hukata. Anayetoka Sengerema kwenda Bugando au Sekou Toure sasa anapita Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, lakini wa Nansio bado safari yake ni saa kadhaa majini. Kwenda na kurudi kila siku kunakula zamu za kukamua. Kama kuna ndugu Igoma au Buhongwa, bora alale huko.

Maziwa aliyokamua nyumbani hayafai kupita saa 4 nje kwenye joto. Yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko, yaandikwe tarehe na saa, yasafiri ndani ya deli lenye barafu. Muda wa kukaa kwenye friji aulize wodini, kwa njiti masharti ni makali zaidi.

Titi likiwa gumu, la moto, na homa juu, asiache kukamua, na aende hospitali siku hiyohiyo.

Kwa walioajiriwa, marekebisho ya sheria za kazi ya 2025 yamemwongezea likizo aliyejifungua njiti, juu ya siku 84 za kawaida. Akirudi kazini ana haki ya hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha.

Mtoto akianza kunyonya mwenyewe, kukamua kusisimame siku hiyo. Njiti huchoka haraka na kusinzia titi likiwa bado limejaa, hivyo kilichobaki kikamuliwe na apewe kwa kikombe mpaka uzito wake uanze kupanda bila kuyumba.