Bata mzinga wao, kanga wetu

Najua nimeadimika, lakini kazi ya uripota ndivyo ilivyo. Ukitumwa Karatu kuandika habari za bei ya vitunguu, unaweza kurudi na mambo mengine kabisa kichwani. Leo naomba tuzungumze kuhusu ndege.

Jamaa mmoja wa chumba cha habari, mpenzi mkubwa wa filamu za Kimarekani, aliniuliza kama kule Karatu na Ngorongoro kuna bata mzinga wa porini, wale ambao Wamarekani huwaotea kwenye vinamasi vya majimbo yao ya kusini. Jibu fupi ni hapana. Bata mzinga wa porini ni ndege wa Amerika, huku kwetu anafugwa tu. Jibu refu ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Tuanze na jina. Karne ya 16 Waingereza walikuwa wakiletewa ndege wa madoadoa mwenye asili ya Afrika na wafanyabiashara wa himaya ya Uturuki, wakamwita kuku wa Kituruki. Ndege huyo ni kanga wetu. Yule mkubwa wa Amerika alipofika Ulaya watu wakawachanganya, na jina likamwangukia mgeni. Hata Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyewapa viumbe majina ya Kilatini, alimwandika bata mzinga mwaka 1758 kwa jina la Meleagris, neno ambalo Wagiriki wa kale walilitumia kwa kanga! Kwa hiyo kila Novemba Wamarekani wanakula sikukuu yao kwa jina la kuazima. Sisi tumebaki na kanga mwenyewe, na kanga za kuvaa ambazo inasimuliwa zilipata jina hilo kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa na madoa kama ya ndege huyu.

Sasa, nani anamwinda kanga kwenye maji? Shuka kutoka mji wa Karatu kuelekea Mang'ola, kwenye bonde la Ziwa Eyasi. Ziwa lenyewe ni la magadi na chumvi, na kiangazi kikali hulikausha sehemu kubwa. Lakini pembeni yake zipo chemchemi za maji matamu yanayotoka kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, na ng'ambo ya vilima, upande wa Mbulu, kuna kinamasi cha Yaeda. Hapa ndipo nyumbani kwa Wahadzabe. Ni watu zaidi kidogo ya 1,000, wanaoongea lugha yenye sauti za kidoko ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu duniani.

Masika kanga hutawanyika, maana maji yapo kila mahali. Kiangazi kikizidi, maji hubaki kwenye madimbwi machache na wanyama wote hulazimika kuyafuata. Mhadzabe analijua hilo. Hujificha karibu na maji na kusubiri, hata usiku kucha akiwa anaotea mnyama mkubwa. Mshale wa mnyama mkubwa una kichwa cha chuma kilichopakwa sumu ya mimea, mmojawapo ukiwa waridi la jangwani. Kwa kanga sumu ni hasara. Unatosha mshale wa mti uliochongwa ncha. Watoto wa kiume hupewa upinde wakiwa wadogo kabisa, na shule yao ya kwanza ni ndege.

Historia ya eneo hili ni ndefu kuliko tunavyofundishwa. Katika pango la Mumba, karibu na Eyasi, Wajerumani Ludwig na Margit Kohl-Larsen walichimba miaka ya 1930, na uchunguzi wa baadaye ukaonyesha kwamba binadamu walilitumia pango hilo zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Watu wamewinda hapa kabla ya kuwepo nchi, mpaka au leseni.

Leseni ililetwa na wakoloni. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa kanuni za uwindaji kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baadaye, ndugu wawili, Adolph na Friedrich Wilhelm Siedentopf, wakapangishwa ardhi ndani ya kreta ya Ngorongoro. Walikuwa wakiwaalika rafiki zao kuwinda kwa starehe, na wakajaribu hata kuwaswaga nyumbu watoke nje ya kreta. Waingereza nao walileta sheria mwaka 1921 iliyotaka kila mwindaji awe na kibali, wakapiga marufuku uwindaji katika sehemu kubwa ya kreta mwaka 1928, na mwaka 1959 ikazaliwa Hifadhi ya Ngorongoro.

Sipingi uhifadhi. Bila marufuku hizo huenda leo tusingekuwa na faru hata mmoja wa kuonyesha wageni. Ila tazama jambo hili: aliyemaliza wanyama kwa bunduki na aliyeotea kanga kwa mshale wa mti wote walitiwa kapu moja, na jina la jangili likamganda yule wa mshale.

Halafu likaja suala la kuwahamisha. Serikali ya kikoloni ilijaribu kuwafanya Wahadzabe wakulima mwaka 1927, ikarudia mwaka 1939. Serikali yetu huru nayo ikajaribu mwaka 1965. Kila mara wengi walirudi porini. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilipewa eneo la Yaeda, kelele zikapigwa, ikajiondoa mwaka huo huo. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda wakapata hati ya kimila ya pamoja ya zaidi ya hekta 20,000. Huo ni ushindi, tuuseme.

Lakini upande wa Mang'ola, uliopo Karatu, nilichokiona ni vitunguu. Maji ya chemchemi yanaelekezwa mashambani na pori linasogea mbali. Siwalaumu wakulima, wana watoto wa kusomesha. Ila kanga hanywi maji ya mfereji wenye watu na pampu. Wahadzabe wengi wa huku sasa hutegemea watalii wanaolipa kuwafuata alfajiri mawindoni, na mara nyingi windo lenyewe ni ndege wadogo tu.

Ndiyo maana nauliza, ndugu zangu wa mjini. Tunalia mila zinapotea, na papo hapo tunanunua kitunguu cha Mang'ola bila kuuliza kimenyweshwa maji ya nani. Kama chemchemi ile ingekuwa na hati, ungeandika jina la nani? La mkulima, la Mhadzabe, au yote mawili? Mimi ningeandika yote mawili, na ningemwachia kanga dimbwi moja. Wewe unasemaje?