Nachingwea: Kambi Iliyoishinda Ofisi

Mwezi Mei 1975, wiki chache kabla ya uhuru wa Msumbiji, mchungaji Uria Simango alisimamishwa mbele ya umati katika kambi ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru huo, huko Nachingwea, kusini mwa Tanzania, akasoma kurasa kwa kurasa za kukiri usaliti. Sauti ilikuwa yake, maneno yalikuwa ya waliomkamata. Mtu huyu alikuwa makamu wa rais wa chama tangu kilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Aliangukaje hadi pale?

Anayetoka Ruangwa kwenda Nachingwea leo hupita mikorosho na mashamba ya ufuta, wala haoni cha kumwambia kwamba amekaribia mahali palipoamua nani aitawale nchi jirani. Enzi hizo Ruangwa yenyewe ilikuwa haijawa wilaya. Nachingwea ilijulikana kwa karanga, au tuseme kwa karanga zilizokataa kuota: Waingereza walifyeka pori kubwa kuanzia mwaka 1947, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Jina la kambi, Farm 17, ni mabaki ya mashamba yale. Kwa wapigania uhuru eneo lile lilikuwa zawadi. Lilikuwa tayari limefyekwa na lina barabara, mto Ruvuma haukuwa mbali, na jirani walikuwa watu wanaosema Kimakonde na Kimakua kama baadhi yao.

Ofisi ya chama, lakini, ilikuwa Mtaa wa Nkrumah, Dar es Salaam. Hapo ndipo Eduardo Mondlane, msomi aliyewahi kufanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha chuo kikuu Marekani, alipowakusanya watu wasiofanana. Simango alikuwa mtu wa kanisa kutoka Sofala. Marcelino dos Santos alikuwa mshairi aliyezoea Ulaya. Lázaro Nkavandame, mwenyekiti wa chama katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, alikuwa Mmakonde mfanyabiashara aliyewahi kuwaunganisha wakulima wa pamba katika ushirika.

Huyu wa mwisho ndiye wa kumtazama kwa karibu. Biashara ya maeneo yaliyokombolewa ilikuwa mikononi mwake. Wakulima walivusha korosho, karanga na ufuta ng'ambo ya Ruvuma, zikauzwa upande wa Tanzania, wakarudi na chumvi, sabuni, nguo na majembe. Hapo ndipo malalamiko yalipoanzia. Mwanamke aliyebeba mzigo kichwani kwa siku kadhaa msituni, akapewa chumvi kidogo, alitaka kujua faida imeishia wapi. Wapiganaji wakasema wenyeviti wanawanyonya wananchi. Wenyeviti wakajibu kwamba vijana wa kusini mwa Msumbiji wanawatawala Wamakonde ambao damu yao ndiyo inayomwagika. Vitabu vingi huuita mgogoro ule wa itikadi. Mimi naona chumvi ilikuwa na uzito wake.

Samora Machel hakuwa na cheo kikubwa chama kilipoundwa. Alikuwa muuguzi, akajiunga mwaka 1963, akapelekwa Algeria kufundishwa vita. Mkuu wa jeshi, Filipe Magaia, alipouawa Oktoba 1966, Machel akashika nafasi yake, na makao yake yakawa kambini. Kila kijana aliyepita Nachingwea, na wasichana pia kuanzia mwaka 1967, alimjua Machel kabla ya kumjua mjumbe yeyote wa Mtaa wa Nkrumah.

Mwaka 1968 fitina zilitoka hadharani. Mwezi Mei watu waliivamia ofisi ya Dar es Salaam. Julai mkutano mkuu wa pili wa chama ukafanyika ndani ya Msumbiji, jimboni Niassa, chini ya ulinzi wa jeshi. Nkavandame alitaka ufanyike kusini mwa Tanzania, na wenyeviti wa Cabo Delgado wakasusa. Desemba, kamanda Paulo Kankhomba aliuawa akivuka kuingia Cabo Delgado, na kidole kikaelekezwa kwa watu wa Nkavandame. Januari 1969 Nkavandame akasimamishwa uongozi. Februari 3 Mondlane alifungua kifurushi cha kitabu katika nyumba moja Oyster Bay, bomu likamuua. Miezi haikupita mingi Nkavandame akajisalimisha kwa wakoloni Wareno.

Simango alitarajia kurithi, kama makamu yeyote angetarajia. Aprili 1969 kamati kuu ikampa theluthi moja tu ya kiti: yeye, Machel na dos Santos. Novemba akatoa waraka mkali dhidi ya wenzake. Lilikuwa kosa la mtu asiye na jeshi. Akafukuzwa chamani, Tanzania ikamwondosha nchini, na Mei 1970 Machel akawa rais wa chama, dos Santos makamu wake.

  

Mei 24, 1975, Machel aliondoka Nachingwea kuanza safari ya kutoka Ruvuma hadi Maputo, akapokee uhuru Juni 25. Simango na Nkavandame, aliyesimamishwa naye mbele ya umati ule, walivushwa mto kama wafungwa. Waliuawa baadaye bila kufikishwa mahakamani, na familia zao zilikaa miaka mingi bila kuambiwa. Hakuna kaburi la Simango linalojulikana.

Simulizi hii imeandikwa zaidi kwa Kireno na Kiingereza. Wenyeji wa Nachingwea na Ruangwa waliowauzia wapiganaji mihogo, waliocheza nao mpira, waliosikia magari ya kambi usiku, sasa ni wazee. Mwenye babu au bibi wa umri huo na akae naye, amuulize, aandike.