Wati nyingi si hoja katika kuchagua amplifaya

Amplifaya, yaani kikuzasauti, ni chombo kinachopokea mawimbi hafifu ya umeme kutoka kwa redio au santuri na kuyapa nguvu ya kutosha kuendesha spika.

Wanunuzi wengi hukata shauri katika dakika chache za kwanza dukani, wakati ambapo sikio ni rahisi kuhadaika. Vyombo viwili vikilinganishwa, kile chenye sauti iliyozidi japo kidogo, hata chini ya desibeli 1, huonekana bora. Hivyo basi, sharti sauti isawazishwe kwanza, kwa spika zile zile na wimbo ule ule.

Wingi wa wati nao hupotosha. Kuongeza nguvu maradufu huleta desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imeongezeka maradufu, huhitajika nguvu takriban mara 10.

Mfano ni NAD 3020, iliyobuniwa na Erik Edvardsen na kutolewa mwaka 1978. Ilitajwa kuwa na wati 20 pekee kwa kila upande, lakini ilisifika kwa kumudu spika zilizoshinda nyingine, kwani iliweza kutoa nguvu zaidi kwa muda mfupi muziki ulipopanda ghafla.

Anayenunua asikilize kwa utulivu sauti za watu na ala anazozifahamu. Makali yanayovutia mwanzoni huenda yakachosha baadaye.